Kitunguu Swaumu Kisichonuka

Mimi nanuka. Nalisema mwanzo kabisa ili msomaji asije akadhani naficha jambo. Nimeuza vitunguu swaumu Kariakoo tangu ndevu zangu hazijaujua wembe, na harufu yake haitoki kwa sabuni, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa udi. Chini ya kucha zangu kuna umanjano ambao watakaoniosha siku yangu watahangaika nao sana. Mke wangu alikuwa akijua nimerudi kabla sijavuka kizingiti. "Thomu imeingia," alikuwa akisema bila kugeuka, huku anaendelea na kazi yake. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia nikalale upande mwingine. Wako wanawake ambao mume akinuka jasho tu, kesi inafika kwa wajomba.

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma nusu, kwa sababu mwalimu wetu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia, "Babu, andika, maana ukisimulia unazunguka." Nimeandika, na bado nazunguka. Mtu aliyekaa kizimbani sokoni miaka yote hiyo akiwapigia wateja hadithi huku anapima robo hawezi kwenda moja kwa moja kama reli. Lakini nitafika. Ninachotaka kukisimulia ni habari ya moyo wa mke wangu, na jinsi nilivyouuza kwa makofi.

Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Gerezani, nyumba ya Kiswahili, choo cha uani, wapangaji sita. Yeye alikaanga vitumbua barazani asubuhi, na foleni yake siku nyingine ilifika mpaka kwa fundi baiskeli. Asubuhi moja ameinua karai, akaona giza, akakaa chini. Hospitali wakampima presha, wakampiga picha ya kifua, daktari akatuambia moyo umetanuka.

Nikauliza, "Umetanuka kwa nini, daktari?"

"Kwa kusukuma mzigo mzito muda mrefu, mzee."

Nikaelewa vizuri sana, maana hata mahamali wa sokoni mabega yao hutanuka kwa sababu hiyohiyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilielewa. Sikuwa mjinga wa kutoelewa.

Akaandikiwa vidonge vya aina mbili, kimoja cheupe kidogo kama dengu, kingine cha kumfanya akojoe sana. Ameze kila siku mpaka mwisho wa uhai wake. "Hata nikijisikia mzima?" aliuliza. "Hasa ukijisikia mzima," daktari akajibu. Mke wangu akalishika neno hilo kama alivyozishika swala zake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, kikombe cha chai ya rangi, bismillahi, vidonge viwili. Mimi nilikuwa namtania, "Umeshapiga kifungua kinywa cha Wazungu?" Naye hujibu, "Wewe endelea na thomu yako."

Dawa tulinunua kwa mzee mmoja wa Kihindu, duka lake liko njia ya kwenda Kisutu. Mfupi, miwani imefungwa uzi upande mmoja, juu ya kabati picha ya mungu wao imevishwa shada la maua. Alihesabu vidonge kwa kisu butu juu ya kisahani, viwili viwili, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Ile miaka ya uhaba, sabuni foleni, unga foleni, khanga mpaka uwe na barua ya balozi wa nyumba kumi, vidonge navyo vilipotea. Yule mzee akawa anamfichia mke wangu vichache kwenye droo. "Bibi ya vitumbua, nimekuwekea," alimwambia. Miezi mingine havikuwepo hata kwenye droo, na mke wangu alivimba miguu mpaka ndala hazimwingii.

Kisha ikaja ruksa. Serikali ilifungua milango, mwenye mtaji alete anachotaka. Sitasema uongo, niliishukuru ruksa kwa mikono miwili. Kabati la yule mzee likajaa. Miguu ya mke wangu ikanywea, akawa anatembea kutoka Gerezani mpaka Feri kununua vibua na kurudi, kapu mkononi, hahemi. Basi mlango ulioingiza kile kidonge ndio huohuo ulioingiza ile chupa.

Chupa ililetwa kizimbani kwangu na mtu tuliyekuwa tukimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kikauzwa, yeye na wenzake wakapigwa redandansi, wakapewa bahasha na kuambiwa wakajiajiri. Wengine walinunua mashine za kusaga, wengine walikunywa bahasha yote wiki mbili. Yeye alitoweka mwaka mzima, akarudi na tai shingoni na mkoba wa ngozi. Kizimba changu kilikuwa kule chini, shimoni kama tunavyopaita, na kushuka shimoni na tai ni kama kuingia kwenye matope na viatu vyeupe. Kila mtu alimtazama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nikupimie ngapi?"

"Leo sikuja kununua. Nimekuja kukuokoa."

Akatoa chupa mbili, akaziweka juu ya mafungu yangu. Akaimimina moja kiganjani mwangu, vidonge vya rangi ya maziwa. "Hiki unakijua?"

"Sikijui."

"Hicho ni kitunguu swaumu."

Nikanusa. Nikanusa tena. Hakuna kitu. "Mbona hakinuki?"

"Ndiyo sayansi yenyewe hiyo, mzee wangu! Wameitoa harufu, wakabakiza tiba. Kinasafisha mishipa, kinashusha presha, kinaulinda moyo."

Jirani yangu wa kizimba, mama mmoja tuliyemwita Mama Tangawizi kwa sababu ya bidhaa yake, akaangua kicheko mpaka mahamali wakasimama. "Makubwa haya! Muuza thomu kaletewa thomu! Kesho wataniletea mimi tangawizi isiyowasha! Na wewe baba tai, mkeo akipika pilau anapasua kidonge?"

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa amefundishwa kutokasirika. Akainua chupa ya pili, vidonge vya rangi ya asali, vinapitisha mwanga. "Na haya ni mafuta ya samaki. Kwa ajili ya moyo."

"Samaki gani?" akauliza Mama Tangawizi. "Feri samaki wanaoza kwa wingi."

"Samaki wa bahari ya baridi, mama. Huyo wa Feri nani kampima maabara?"

Shimo zima likacheka. Mimi sikucheka. Tulikuwa tumekaa na njaa ya vitu muda mrefu mno, na njaa ile ilitufundisha kuwa kizuri ni kile kilichofungwa, chenye lakiri, chenye maandishi usiyoweza kuyasoma. Suruali ya mtumba ilikuwa bora kuliko mpya ya kiwanda chetu. Sasa hata thomu. Nikajitazama vidole, nikaona aibu navyo. Niliuza karibu nusu gunia la thomu inayonuka ili ninunue chupa moja ya isiyonuka, na Mama Tangawizi hakunisemesha mpaka kesho yake.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida. Wajinga wa kawaida Kariakoo ni wengi, hawadhuru mtu. Lakini Mwalimu alinialika kwenye mkutano wa wauzaji wa chupa zile.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Posta, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, feni nne na viti vya plastiki. Niliogea ndimu siku hiyo. Watu wa kila aina. Wapo waliopigwa redandansi, wapo manesi, wapo wake za wakubwa. Mbele kuna ubao, mtu anachora duara, chini yake maduara mawili, chini yake manne. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nilichokielewa ni makofi. Kila aliyesimama kusema lolote, kiongozi wa shughuli alipaza sauti, "Pasha mikono moto! Makofi ya kilo moja!" na ukumbi mzima ukapiga kwa pamoja, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa, kama mvua ya mawe kwenye bati. Nikasimama nikasema mimi ni muuza vitunguu swaumu shimoni. Nikapigiwa kilo moja.

Nitasema ukweli. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Sokoni nimepigiwa kelele, nimepigiwa mluzi, mgambo wamenipigia virungu. Nimepima kilo za watu maelfu, na siku ile ndiyo kwanza nikapimiwa yangu.

Sasa kikundi kile kilikuwa na ngazi, na ngazi niliyoitamani iliitwa Nguzo. Nguzo anakaa viti vya mbele, anavaa beji kifuani, anaitwa kwa heshima. Nilikuwa nimekwisha kuwaleta watu wa kutosha, mahamali na wauza nazi, Mungu anisamehe. Kilibaki kitu kimoja. "Nguzo haisimami bila shahidi wa nyumbani kwake," Mwalimu akaniambia. Maana yake lazima mtu wa nyumba yako mwenyewe apande jukwaani atoe ushuhuda kuwa aliumwa, akatumia, akapona. "Mama si ana presha? Basi Mungu ameshakupa shahidi."

Mke wangu alikuwa anameza vile vya rangi ya asali nilivyomletea, wiki ya tatu, kwa kunifurahisha, juu ya vidonge vyake vya siku zote. "Havina ubaya," alisema, "ila nikicheua nasikia Feri." Nilipomwambia habari ya ushuhuda akasema sawa, atasema anavitumia na anajisikia vizuri, maana ni kweli. Akavaa gauni lake la Idi na baibui.

Jukwaani alisema hivyohivyo alivyoahidi. Makofi yalikuwa machache, maana haukuwa ushuhuda wenye chumvi. Mwalimu akachukua kipaza sauti, akamsogelea. "Mama yetu, hebu waambie ndugu zako. Vile vidonge vya hospitali, vya kemikali, bado unameza?"

Akanitazama. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili, mstari wa mbele, nilipowekwa kwa siku ile. Aliniuliza kwa macho, na mimi, mbele ya Mwenyezi Mungu na feni nne, nikatikisa kichwa kumwambia hapana, sema hapana.

Akasema, "Nimeacha."

"Hatujakusikia, mama! Kabisa?"

"Wallahi nimeacha."

Makofi ya kilo tano. Watu walisimama. Yeye akashuka ngazi za jukwaa ameshika ukingo wa baibui kama mtu anayevuka maji.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika Mnazi Mmoja akasimama, watu wanatupita. "Umenifanya niape uongo."

"Ni maneno ya jukwaani tu yale, mama watoto. Kila mtu anaongeza chumvi."

"Chumvi daktari amenikataza," akasema, akaendelea kutembea.

Siku ile sikujua kuwa jambo lile litamla. Mimi nilikulia sokoni. Kwetu kuapa ni sehemu ya bei. "Wallahi nimenunua zaidi ya hivyo," mtu anasema, na wote mnajua hakununua zaidi ya hivyo. Yeye hakulelewa hivyo. Baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa, na kwao jina la Mungu halikutolewa ovyo kama chenji. Alikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, akarudi akaniambia, "Nimeuliza. Amesema nitubu, na niliowadanganya niwaambie ukweli. Nipeleke Jumamosi nikafute."

"Subiri kwanza nipate beji," nikasema. "Ukifuta sasa wataniondoa. Nikishavishwa, utafuta."

Akasubiri. Huku barazani wanawake wanamuuliza, maana habari zilikuwa zimeshafika mtaani: eti ni kweli umepona? Yeye anasema nunueni vitumbua. Jirani yetu wa nyumba ya pili, naye mgonjwa wa presha, alikuja akamwambia ameacha vidonge vyake kwa kumfuata. Mke wangu akaacha karai motoni, akamvuta ndani, akamwambia wazi: "Dada, rudi kwenye vidonge vyako. Mimi bado nameza. Nilisema uongo." Yule mwanamke akacheka. "Ee, mwenzangu! Unataka upone peke yako?" Hakuamini. Ukweli uliosemwa chumbani haukuushinda uongo uliosemwa kwenye kipaza sauti.

Nikavishwa beji. Nguzo. Jioni yake mke wangu akauliza, "Sasa?" Nikasema, tungoje mwezi mtukufu upite, mikutano imepungua watu. Ukapita. Nikasema, tungoje wageni kutoka nje waondoke.

Asubuhi moja aliniletea chai, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, jambo ambalo hakulifanya saa za vitumbua. "Nimechoka kukungoja," akasema. "Kama maneno yale hayafutiki, basi nitayafanya yawe kweli. Tangu juzi sijameza vidonge vya hospitali. Sasa nimeacha kweli. Kiapo changu kimekaa sawa."

Hapa nimeiweka kalamu chini mara tatu. Mjukuu anadhani wino umeisha.

Mume mwenye akili angesimama pale pale, angempeleka ukumbini amembeba. Angesema, vua kiapo, vaa uhai. Hata mume mjinga angesema, "Hebu acha upuuzi, meza dawa." Unajua mimi nilisema nini? Nilisema, "Mwenyezi Mungu atasaidia." Nikanywa chai. Nikatoka kwenda sokoni, na njiani nikajisikia mwepesi. Nilifurahi. Sasa hakuna wa kunidai nikafute chochote. Nilipita Mtaa wa Kongo nikipiga mluzi, beji kwenye shati, wauza mitumba wananiita, "Mambo vipi, Nguzo!" Nami najibu, "Poa," mzee mzima.

Miezi miwili hivi baadaye nikapita mbele ya duka la yule mzee wa Kihindu. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee, bibi yako hajaja. Amesafiri?"

"Amesafiri," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. Akaitazama beji. Nami nikatazama ndani ili nisimtazame yeye, nikaziona chupa zilezile kwenye kabati lake, mstari mzima, za rangi ya maziwa na za rangi ya asali. Nikapata nguvu. "Kumbe na wewe unauza!"

"Watu nauliza, nauza. Mimi mfanyabiashara." Kisha akaenda nyuma ya meza, akafungua droo, ileile aliyokuwa akimfichia mke wangu. Akatoa bahasha ya kaki, akanionyesha vidonge vyeupe vidogo kama dengu. "Lakini hii ndio nameza mimi. Miaka kumi na nne. Ile kwa kabati ni chakula, mzee. Nzuri, mbaya, sijui. Lakini hii ni dawa. Chakula haiwezi kufukuza dawa. Mwambie bibi arudi safari."

Akanipa bahasha ile, yake mwenyewe. Niliitia mfukoni. Nilifika nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, nikasema, "Mhindi anakusalimu." Akaiona. Akasema, "Umeshafuta?" Nikainama kuvua viatu. Akaondoka. Bahasha ikakaa pale pale juu ya kabati. Ningeweza kumwambia, twende kesho. Lilikuwa neno moja tu. Nilikuwa Nguzo, na kesho yake nilikuwa nakaribisha wageni mlangoni mwa ukumbi.

Alianguka siku ya Jumanne asubuhi, barazani, akimimina uji wa vitumbua. Waliokuwa kwenye foleni walisema mkono wake wa kulia ulianza kulegea, uji ukawa unamwagika nje ya tundu, motoni, naye anautazama kama si mkono wake. Fundi baiskeli ndiye aliyembeba. Mimi nilifuatwa shimoni. Nilipofika hospitali mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, na jicho la upande wa pili halifumbi. Kiharusi. Nesi akauliza anatumia dawa gani. Nikafungua mdomo kujibu, nikaona nesi anaitazama beji yangu. Nikaivua.

Mwalimu alikuja kumwona siku ya tatu, na chupa mbili za zawadi. Alinivuta kwenye korido. Alikuwa na hofu, niliiona, hata tai ilikuwa imekaa upande.

"Mzee wangu, pole sana. Lakini tuwe wakweli, alikuwa anakunywa maji ya kutosha? Mwili ukitoa sumu unatikisika. Wakati mwingine ni dalili ya kupona."

"Amelala nusu, Mwalimu."

"Naelewa. Naelewa. Ila watu wakiuliza..." Akashusha sauti. "Ni afadhali isemwe ni kemikali za zamani zilizokuwa zimebaki mwilini. Kwa faida ya wengine."

Nikaitazama ile tai. Nikamkumbuka alivyokuwa karani, anakuja kununua thomu robo, anahesabu sarafu kiganjani, mtu wa adabu tu. Nilitaka kumpiga, nikaona nitakuwa najipiga mwenyewe aliyevaa tai. Nikamwambia aende.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ukumbini. Sikuogea ndimu. Nilikwenda na nguo za shimoni, nikapanda jukwaani bila kuitwa, nikachukua kipaza sauti. Nikasema: "Mke wangu alisema hapa kuwa ameacha vidonge vya hospitali. Alikuwa hajaacha. Mimi ndiye niliyemwambia aseme. Baadaye akaviacha ili asiwe muongo mbele ya Mungu. Sasa amelala hospitali, nusu yake haijui nusu nyingine. Mwenye vidonge vya presha akameze. Nimemaliza."

Wageni walikuwa wengi siku ile, na nyuma kule kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza, sijui walisikia nini. Yule kiongozi wa shughuli alikuwa kijana mpya. Akaona mzee amesema, amemaliza, amesimama. Akafanya kazi aliyofundishwa. "Pasha mikono moto! Makofi ya kilo moja!"

Wakapiga. Ukumbi mzima. Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa.

Nikashuka zile ngazi za ghorofa tatu nimeshika ukuta.

Nilimwambia pale kitandani. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, mazito, ya upande mmoja. "Nimefuta," nikasema.

"Mbele... ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Wamese... maje?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uzoefu. "Wamepiga makofi," nikasema.

Akacheka. Upande mmoja wa mdomo ulicheka, upande wa pili ulibaki umenuna, na chozi likatoka kwenye lile jicho lisilofumba. Tangu siku ile mpaka kufa kwake sikumwona akicheka tena.

Aliishi miaka mitatu na nusu. Mimi ndiye niliyempa vidonge kila asubuhi, vilevile vyeupe vidogo, kutoka droo ileile. Nilivisaga kwa mgongo wa kijiko, nikavichanganya na chai, nikamnywesha, nikafuta kidevu. Akawa ananiambia neno kwa lile jicho zima, sijui kama ni asante au ni hesabu. Sikuwahi kuuliza. Yule jirani wa nyumba ya pili alirudi kwenye vidonge vyake siku alipomwona mke wangu akibebwa, na yuko hai mpaka leo, ana vitukuu. Mwalimu alihamia kwenye biashara ya maji ya sumaku, kisha mashuka ya sumaku, kisha sikusikia tena.

Chupa siku hizi ziko kila duka, na wala sisemi ni sumu. Yule mzee wa Kihindu, amekwisha fariki, aliniambia ni chakula, na mimi nashika neno lake.

Mimi nimerudi kwenye mafungu yangu. Nanuka kama zamani, na nyumbani hakuna wa kusema thomu imeingia. Kila wiki haikosi anakuja mtu, sana sana mwanamke wa makamo, miguu imevimba ndani ya ndala, anainama juu ya kizimba na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Shikamoo mzee. Eti hivi vinatibu presha?"

"Marahaba," namjibu. "Vinaunga mchuzi. Presha nenda hospitali."

Ananitazama kama nimemnyima kitu. Kisha anasogea kizimba cha pili, kwa Mama Tangawizi, ambaye siku hizi anauza na thomu pia, na namsikia akimwambia, "Usimsikilize huyo mzee, alifiwa, ana uchungu. Tafuna punje tatu asubuhi, mwanangu, utakuja kuniambia." Na yule mwanamke anafungua mkoba.